Tundu la Msumari

Kazi yangu ni bima. Nakokotoa
uwezekano wa moto, wa mafuriko, wa moyo kusimama usiku.
Nikamwambia mama kwa simu, kutoka Jakarta:
kura yako moja tu, kati ya milioni mia mbili,
ni unyoya juu ya lori la mchanga.
Bora ulale. Mvua inanyesha, goti lako bovu,
na huyo umtakaye hashindi, hata wanaomtaka wanajua.

Akasema, "Hujala, ndiyo maana unaongea hivyo."
Akakata.

Nilipanda treni ya usiku, kisha basi,
si kwa ajili ya kura. Kwa ajili ya goti.

Wonosobo asubuhi: ukungu umelala hadi vizingitini,
viazi vimerundikwa kando ya barabara,
na uwanja wa badminton umefunikwa turubai la harusi,
maua ya plastiki bado yananing'inia,
kwa kuwa turubai lenyewe ni la kukodi.
Mama kavaa kebaya ya kijani,
ile ya mahafali yangu. Kapaka poda.
Poda, kwenda kutoboa karatasi!

Mbele yetu kwenye foleni, Wagiyo wa nyumba ya pili.
Hawasalimiani tangu ugomvi wa mfereji.
Mtaa mzima unajua Wagiyo anamtaka nani:
kura yake inaifuta ya mama, ya mama inaifuta yake.
Wangebaki nyumbani wote wawili, nikawaza,
wakanywa chai, na nchi isingejua.
Ila hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kubaki.

Karatasi tano, moja pana kama mkeka wa mtoto.
Msumari umefungwa kamba, chini yake kipande cha sponji.
Nikasikia, nyuma ya kadibodi: tu.
Kimya kirefu.
Tu.
Akatoka, akachovya kidole cha mwisho kwenye wino wa zambarau,
akakipuliza kama aliyeungua.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe anataka kuona hesabu.
Tukakaa kwenye viti vya plastiki hadi saa tisa, hadi saa kumi,
mvua inapiga turubai, na kijana wa kamati
anakunjua moja moja, anainua karatasi mbele ya taa,
mwanga unapenya kwenye tundu
na kumtua yeye kwenye paji la uso, nukta.
"Halali?"
"Halali!" wanaitikia wote, Wagiyo kwa sauti kuliko wote,
hata kwa kura zisizo zake,
na binti mwenye kalamu anachora mstari ukutani,
minne imesimama, wa tano unaifunga kama kuni.

Hapo mama akanifinya paja.
Karatasi iliyoinuliwa ilikuwa na tundu pembeni,
chini ya kidevu cha mgombea, limeraruka kidogo;
vidole vyake vina baridi yabisi.
"Ile yangu," akanong'ona.
(Ni siri ya kura. Usimwambie mtu.)
Nikaiona. Mimi ninayeishi kwa wastani,
ambaye sijawahi kuona hata mmoja wa wale milioni,
nikaiona moja, dogo kuliko punje ya mtama,
na taa inapita.
"Halali?"
Nami nikajikuta nimeitikia.

Mgombea wake alipata kumi na saba uwanjani pale.
Wa Wagiyo, mia moja themanini na kitu.
Mama akaihesabu mistari mara mbili, midomo ikicheza.
"Kumi na saba," akasema. "Nilidhani tuko tisa."

Njia nzima ya kurudi, goti likimsumbua,
alisimama mbele ya kila nyumba yenye taa,
akaitazama, akatikisa kichwa, akaendelea.
Ya muuza tempe aliitazama muda mrefu zaidi.

Mimi nilirudi Jakarta usiku uleule.
Mle garini kila aliyeshika kikombe cha kahawa
alikuwa na kidole cha zambarau.
Changu, cheupe, nilikitia mfukoni
nikajifanya natafuta tiketi.